Mlango wa nakshi kwa pikseli tano katika kila mia

Juzi nilipiga picha ya mlango wa nakshi Mji Mkongwe wa Bagamoyo, nikaipunguza iwe pikseli (zile nukta ndogo za rangi zinazounda picha) 1,000 kwa 1,000, kisha nikafuta 950,000. Zikabaki 50,000, zimetapakaa kama mchele uliomwagika. Kazi ikawa kuurudisha mlango.

Huwa naulizwa: kwa nini ubakize kiholela, usichukue kila pikseli ya ishirini kwa mpangilio? Tazama mkeka wa milia, mwekundu, kijani, mwekundu, kijani. Ukipiga hatua zilizo sawa, unaweza kuangukia mwekundu kila mara, ukaapa kwamba mkeka mzima ni mwekundu. Kosa la namna hiyo halijitangazi. Picha inatoka safi, na ni ya uongo. Ukichukua kiholela unapata chenga, kama za televisheni ya zamani, lakini chenga unaziona, basi unaweza kupigana nazo.

Nilianza na njia ya Donald Shepard ya mwaka 1968. Pikseli iliyopotea hupewa wastani wa jirani zake, na wa karibu ndio wenye uzito: aliye umbali wa mbili hupata robo ya uzito wa aliye umbali wa moja. Ukuta wa chokaa ulirudi vizuri. Mlango ulitoka kama umepakwa uji.

Pembetatu za Delaunay (1934), yaani kuunganisha nukta zilizobaki kwa pembetatu na kujaza ndani yake, ziliinyoosha fremu ya mlango, ila ikaota meno ya msumeno.

Kilichonifaa ni kazi ya watafiti Candès, Romberg na Tao, na ya mwenzao Donoho, zote za 2006. Picha nyingi, ukizichambua, hujengwa kwa mawimbi, yaani mipishano ya mwanga na giza inayojirudia, machache tu yenye nguvu. Basi programu hutafuta mseto mdogo kabisa wa mawimbi unaokubaliana na nukta zote zilizobaki. Mnyororo uliochongwa pembeni, kwa kuwa unajirudiarudia, ulifufuka karibu wote. Nilipiga kelele peke yangu chumbani.

Nikamwonyesha mzee mmoja, fundi seremala. Akaukagua sana. "Mwanangu, mlango huu unafungwaje?"

Tundu la ufunguo halikuwepo. Lilikuwa na upana wa pikseli tatu kwa tatu. Kila pikseli ilikuwa na uwezekano wa 0.95 wa kufutwa; zidisha 0.95 tisa pamoja, unapata takriban 0.63: uwezekano wa kutobaki hata nukta moja ndani yake. Programu ikajaza mbao tupu.