Je, wajua kwa nini uchungu wa kifo cha ghafla huzidi baada ya matanga kuisha?

Katika mitaa ya Ngamiani na Chumbageni, mjini Tanga, nyumba iliyofiwa haiachwi peke yake. Turubai hufungwa mapema, wanawake hukaa ndani juu ya mikeka, wanaume hukaa barazani, daftari la rambirambi hupita mkono kwa mkono, na kikundi cha kufa na kuzikana hushughulikia sanda, usafiri na chakula. Siku ya tatu hitima husomwa, masufuria huoshwa, viti vya kukodi hurudishwa. Hata hivyo wafiwa wengi husimulia kwamba uchungu wenyewe uliwaanza hapo, watu walipokwisha kutawanyika.

Mtu anapopokea habari ya kifo cha ghafla, mara nyingi hupigwa na ganzi: hupokea wageni, hujibu simu, husaini karatasi za mochwari, na watu humsifu kuwa amejikaza. Ganzi hiyo hutoka polepole, nayo hutoka wakati turubai limekwisha kufunguliwa. Tena aliyemuuguza mgonjwa kwa muda mrefu huenda alipata wasaa wa kuagana naye, ilhali ajali haitoi wasaa huo. Februari 2023, wilayani Korogwe, lori liligongana na basi dogo lililokuwa na wafiwa waliokuwa wakisindikiza maiti, na watu wasiopungua 17 wakafariki dunia. Katika misiba ya namna hiyo huzuni huweza kuandamana na kiwewe, yaani kumbukumbu ya tukio hurudi kana kwamba linatokea sasa hivi, kwa sauti ya breki tu au harufu ya dizeli. Mtu huanza kuikwepa njia ile, huficha nguo za marehemu, hata jina hataki litajwe; kukwepa huko humtuliza kwa saa chache, lakini humzuia asilizoee tukio hilo kuwa jambo lililokwisha kupita. Kwa familia ya mvuvi ambaye bahari haikumrudisha, ambako hakuna hata kaburi la kuzuru, hali huwa ngumu zaidi, kwa kuwa tumaini na msiba hukaa nyumba moja.

Wengi wamesikia kwamba huzuni hupitia hatua tano. Hatua hizo zilielezwa na daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, kutokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa, na hazikuwa ratiba ya wafiwa. Maelezo yaliyotolewa na watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut mwaka 1999 yanafanana zaidi na maisha tunayoyaona: mfiwa huenda na kurudi, mara anazama katika majonzi, mara anashughulikia ada za shule na biashara. Mjane anayecheka asubuhi akiuza vitumbua, kisha akalia adhuhuri, hajamsahau mumewe wala hajapotoka.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo ulioanza kutumika Januari 2022, linahesabu kuwa maradhi ile huzuni kali inayodumu zaidi ya miezi 6, ikapita kiasi cha mila na dini ya mhusika, na kumzuia kuendesha maisha yake. Dini ya Kiislamu nayo imempa mjane eda ya miezi 4 na siku 10. Kwa maoni yangu, inasikitisha kwamba muda huo wote tunautambua, lakini miguu ya wageni huishia siku ya tatu. Kikundi kinachoweza kuchangisha fedha za mazishi kwa usiku mmoja kinaweza pia kupanga nani atapita kwa mfiwa wiki ya tatu na nani mwezi wa pili. Na anayepita asiharakishe kusema “kazi ya Mungu haina makosa”. Maneno hayo ni ya imani na ya upendo, ila yakitangulia humfunga mtu kinywa. Amuulize habari za marehemu, kisha asikilize, hata kama kisa ni kile kile cha jana.

Kwamba kusimulia kwa mpangilio kunasaidia si dhana tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwahusu watoto 640 waliofiwa na wazazi, katika maeneo manne: ya mjini na ya vijijini, Moshi na Bungoma, Kenya. Washauri waliowaongoza watoto hao kusimulia yaliyowapata hawakuwa madaktari bali watu wa kawaida waliofunzwa, na katika maeneo matatu kati ya manne dalili za kiwewe zilipungua zaidi kuliko kwa watoto waliopata huduma za kawaida. Mtoto aambiwe wazi kwamba baba amekufa. Akiambiwa amesafiri, atamngojea katika kila basi linaloingia stendi.

Mfiwa asiyelala, asiyekula au anayerudiwa na tukio usiku baada ya usiku apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, au kituo cha afya kilicho karibu, na aulizie huduma za afya ya akili. Kwa jambo la mtoto, namba 116 hupigwa bila malipo. Anayesema kwamba anataka kumfuata marehemu asiachwe peke yake hata kidogo, na afikishwe hospitali siku hiyo hiyo, akiwa na mtu anayemwamini.