Je, wajua kwa nini maharage yanayochemka kwa fujo hayaivi upesi?

Nyumba nyingi za kupanga Dar es Salaam zina ua mmoja na majiko mengi. Ikifika saa kumi jioni, uwe Manzese, Buguruni au Mbagala, utayakuta yamepangwa kando ya ukuta: hili lina ubwabwa, lile lina dagaa, na halikosi moja lenye maharage. La maharage utalijua kwa kelele. Mkaa umejaa mpaka mdomoni, kidirisha cha chini kiko wazi, mwenyewe anapepea kwa kipande cha boksi, kifuniko kinarukaruka na povu linamwagikia makaa. Muulize mbona moto mkali hivyo, atakwambia ana haraka, watoto wanarudi shule wakiwa na njaa.

Haraka hiyo haimsaidii kitu. Maharage yanayochemka kwa fujo na yale yanayochemka taratibu, kifuniko kikiwa kimetulia, huiva kwa muda ule ule. Kinachotofautiana ni mkaa uliokwisha.

Sababu yake ni tabia moja ya maji. Yakishaanza kuchemka, hayaongezi joto tena. Sisi wa Dar tuko usawa wa bahari, kwa hiyo kikomo chetu ni nyuzi joto 100. Pepea utakavyo, jaza mkaa, hamia kwenye jiko kubwa zaidi: maji ya kwenye sufuria iliyofunikwa kwa kifuniko cha kawaida yatabaki hapo hapo. Joto la ziada halipotei bure tu, lina kazi linayoifanya, nayo ni kugeuza maji kuwa mvuke. Harage lililo chini ya sufuria halina habari na vurugu za juu. Lenyewe linasikia nyuzi 100, basi.

Na mvuke ni ghali kuliko wengi wetu tunavyodhani. Lita moja ya maji ya bomba, ambayo hapa kwetu hukaa kwenye nyuzi 28 hivi, inahitaji takriban kilojuli 300 (kilojuli ni kipimo cha nishati) ili ianze kuchemka. Lita hiyo hiyo, ikiwa tayari inachemka, inahitaji kilojuli 2,257 ili iishe yote kwa mvuke. Zaidi ya mara saba! Maana yake, kazi ya kuyafikisha maji kwenye kuchemka, ambayo ndiyo tunayoiona nzito kwa vile tunaisubiri huku tumesimama, ni ndogo. Gharama inaanza pale tunapopumua na kusema "afadhali, yamechemka".

Tuipeleke hesabu hiyo kwenye mkaa. Kilo moja ya mkaa mkavu ina takriban kilojuli 29,000. Jiko la bati la kawaida hufikisha kwenye sufuria sehemu ndogo tu ya hizo. Tuseme asilimia 20 hadi 25. Nyingine zinaondoka na upepo, zinapasha ukuta, zinachoma miguu ya mpishi. Ukigawanya, lita moja ya maji iliyopotea kwa mvuke imekula mkaa wa gramu 300 hadi 400. Kikombe kimoja cha robo lita, gramu 80 hadi 100.

Hapo ndipo unapopata kipimo ambacho hakihitaji mizani wala kipimajoto. Kila kikombe cha maji unachoongeza kwenye maharage kwa sababu yamekaukia kinakwambia kikombe kingine kama hicho kimekwisha kupaa. Vikombe vinane ni lita mbili, na lita mbili ni zaidi ya nusu kilo ya mkaa iliyochomwa ili kupasha hewa ya uani. Ukinunua mkaa kwa kopo unalielewa hilo bila kuelezwa zaidi.

Mkaa wenyewe unakuja mjini kwa malori kutoka Pwani, Morogoro, Tanga, Lindi. Huko porini, kwenye tanuri la kienyeji linalofukiwa kwa udongo, kilo moja ya mkaa humeza kuni kilo tano mpaka kumi. Rudi sasa kwenye kile kikombe cha maji: nyuma yake kuna kati ya nusu kilo na kilo nzima ya mti. Tumezoea kumlaumu mchoma mkaa wa Rufiji au Kilosa, na ana lake la kujibu, lakini kifuniko kinachorukaruka Sinza nacho kimo kwenye hesabu.

Mama ntilie wengi wameshaligundua hili bila darasa. Nenda kwenye kibanda chochote chenye wateja, utaona sufuria kubwa imefunikwa, juu ya kifuniko pamewekwa jiwe au sufuria nyingine, na moto umetulia. Wamejua kwamba mvuke ukifungiwa ndani hugusa kifuniko, hurudi kuwa maji, hudondoka tena, na joto lake halitoki lote. Tatizo ni wale wanaoweka mfuko wa nailoni chini ya kifuniko ili kuziba vizuri zaidi. Akili ni nzuri, kifaa ni kibaya. Plastiki ile haikutengenezwa kukaa juu ya mvuke wa moto kwa saa mbili, na kinachotoka ndani yake kinadondokea mbogani. Jani la mgomba lililopitishwa motoni likalainika linafanya kazi ile ile, tena linanukia.

Wazee wa pwani walifika mbali zaidi. Wali wa kupalia ni mfano wa matumizi mazuri ya moto ambao tunauona kila siku bila kuutazama. Maji yakishakauka na kuingia kwenye mchele, makaa mengi huondolewa chini na machache huwekwa juu ya kifuniko. Hakuna kinachochemka tena. Kilichobaki ni mvuke uliofungwa, joto la chini na joto la juu. Bibi aliyefanya hivyo alikuwa anatafuta wali uliochambuka, lakini ukipima mkaa wake utakuta mdogo kuliko wa mjukuu mwenye haraka.

Turudi kwenye harage, maana kuna swali limebaki: kama moto mkali hausaidii, nini kinasaidia?

Harage limejengwa kwa chembe ndogo zilizogandishwa pamoja na kitu kiitwacho pektini, kama matofali na saruji. Kuiva ni ile saruji kulegea, na wanga uliomo ndani kunywa maji ukavimba. Kazi hizo mbili zinahitaji joto na zinahitaji maji yafike ndani. Joto tumeona lina kikomo. Maji, hayo unaweza kuyaingiza mapema, bila moto wowote, kwa kuloweka tangu usiku. Harage lililolala kwenye maji huamka na uzito wa karibu mara mbili, na muda wa jikoni hupungua sana. Ila Dar si Njombe. Mwezi wa Januari, maharage yaliyolowekwa kutwa nzima kwenye chumba cha bati huanza kutoa povu na kuchacha. Loweka usiku, pika asubuhi, na yale maji ya kulowekea yamwage.

Umri nao una neno. Maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevunyevu hupata ugumu ambao hata kuloweka hakuumalizi vizuri, na sijui mahali penye joto na unyevunyevu kutuzidi sisi. Ndiyo maana yale ya shehena mpya kutoka Mbeya huiva upesi, na yale yaliyosahaulika kwenye ndoo tangu Ramadhani iliyopita hukutoa jasho. Afadhali kununua kidogo kidogo.

Nyanya, ndimu na ukwaju subiri kuvitia mpaka harage limelainika, kwa sababu uchachu huizuia ile saruji kulegea. Magadi hufanya kinyume chake, huilegeza haraka, na ndiyo siri ya vibanda vingi. Bei yake ni kwamba huharibu vitamini B1, na yakizidi, mboga inakuwa na ladha ya sabuni.

Sufuria ya presha ndiyo pekee inayouvunja ule mpaka wa nyuzi 100. Mvuke unapozuiwa kutoka, mgandamizo wa ndani hupanda mpaka karibu mara mbili ya ule wa nje, na maji hayachemki tena mpaka yafike nyuzi 120 hivi. Nyuzi hizo ishirini zinatosha kugeuza saa mbili kuwa nusu saa au pungufu. Si uvumbuzi wa juzi. Mfaransa Denis Papin aliuonyesha London mwaka 1679. Upande wa pili wa sheria hiyo hiyo wanaujua watu wa Mbeya: mita 1,700 juu ya bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni mdogo, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na maharage huchelewa. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, yangechemka kwenye nyuzi 80 na kidogo. Huko hata ukichoma msitu mzima, harage litakushinda.

Nimeyasema haya yote kwa sababu naona maharage ndiyo yanayoushikilia mkaa mjini. Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Lakini chungulia jikoni kwa mtu mwenye mtungi wa gesi: gesi ni ya chai na mayai, mkaa ni wa maharage na makande. Anaogopa mtungi utaisha. Na utaisha kweli, ikiwa atapika kwa moto mkubwa saa tatu kama alivyozoea kwenye jiko la mkaa. Kwenye umeme hofu ni hiyo hiyo, ya kuangalia LUKU ikishuka. Kumbe kuzifikisha lita tatu za maji kwenye kuchemka ni kilojuli 900 hivi, yaani robo ya uniti, na sehemu kidogo inayopotea njiani. Baada ya hapo jungu la presha la umeme hujizima na kujiwasha lenyewe, kwa kuwa halina mvuke wa kupoteza. Asiye na presha na mwenye gesi yake apunguze moto mpaka mapovu yawe yanapanda moja moja. Hayo yanatosha.

Kwa aliyebaki na mkaa, utaratibu ni huu. Injika, funika, acha yachemke kwa nguvu dakika kumi na tano hivi. Hapo usipunje, hasa maharage mekundu, kwa sababu yana sumu ya asili inayohitaji mchemko wa kweli ili ife. Kuyapasha tu bila kuyachemsha kunaweza kukuacha na tumbo baya. Ukishamaliza dakika hizo, funga kidirisha cha jiko kibaki upenyo, chukua nusu ya makaa uyatie kwenye kopo la bati lenye kifuniko. Yatazimika yenyewe kwa kukosa hewa na kesho utayawasha tena. Usiyamwagie maji. Mkaa uliolowa, kama ule wa masika unaouzwa bila turubai, hutumia sehemu ya joto lake kujikausha kwanza. Na mvua ikinyesha usilikimbize jiko chumbani ukafunga mlango: makaa hutoa kaboni monoksidi, haina harufu, na inaua.

Unaweza pia kuondoa moto kabisa. Baada ya zile dakika kumi na tano ongeza nyingine kama kumi, kisha ipua sufuria bila kufunua, iweke ndani ya kikapu kikubwa kilichojazwa kanga kuukuu, pamba au maranda makavu, halafu ifunike juu kwa mto. Kuiva hakudai nyuzi 100 kamili; 90 na kitu zinafanya kazi, polepole kidogo. Hapa joto la Dar, ambalo tunalilalamikia mwaka mzima, linatufaa: sufuria iliyozungukwa na hewa ya nyuzi 30 hupoa polepole kuliko iliyozungukwa na baridi ya Makete. Yaache saa tatu au nne, kisha yachemshe tena kabla ya kuunga nazi.

Kuna jambo moja jirani yangu alilisema uani ambalo nililicheka, baadaye nikaona yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Alidai maharage hayaivi kwa maji ya kisima. Maji mengi ya visima vyetu ni ya chumvi, na watu husema chumvi ndiyo inayoyakomaza. Chumvi ya mezani haina kosa hilo. Mwenye kosa ni kalsiamu, ambayo hujazana kwenye maji magumu na kuikaza ile pektini badala ya kuiacha ilegee. Maji ya namna hiyo utayajua ukifulia: sabuni inakataa kutoa povu. Ukiwa na ndoo mbili uani, ya kisima oshea sakafu, ya bomba injikia maharage.