Je, wajua kwa nini mtoto anayemwaga Kiswahili uwanjani hukwama kwenye swali la hesabu?

Bonde la Usangu, wilayani Mbarali, limejaza watu wa kila kabila: Wasangu wenyewe, Wahehe, Wanyakyusa waliofuata mpunga, Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Watoto wao wanakaa dawati moja. Wakati wa mapumziko huwezi kuwatenganisha, wote wanabishana kwa Kiswahili kama goli limeingia au la. Kengele ikigongwa, mwalimu anaandika ubaoni: "Tafuta tofauti ya 15 na 8." Yule aliyekuwa na mdomo kuliko wote anajibu, "15 ni kubwa, 8 ni ndogo."

Hajakosea Kiswahili. Nyumbani, tofauti ni hiyo hiyo aliyoitaja. Ni hesabu iliyolichukua neno na kulipa kazi nyingine: kutoa.

Mtafiti Jim Cummins wa Canada aliueleza mgawanyiko huu mwaka 1979. Kuna lugha ya maongezi, inayosaidiwa na mikono, macho na kitu kilichopo mbele yenu, na kuna lugha ya masomo, ambayo maneno husimama peke yake. Kwa watoto wahamiaji waliojifunza Kiingereza huko Canada, ile ya kwanza ilikuja kwa miaka kama 2. Ya pili ilihitaji 5 au zaidi. Ndiyo maana mwalimu akisikia mtoto anaongea vizuri, hudhani mengine ni uvivu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni mche. Mtoto wa Rungwe anaujua mche tangu hajaanza shule: wa parachichi, wa chai, wa mgomba. Siku moja, kwenye hesabu, anaambiwa achore mche mstatili, yaani umbo kama la boksi. Anachora mti! Mwalimu mjanja haanzi na tafsiri ya kukariri. Analeta boksi la sabuni, watoto wanalishika, wanahesabu nyuso zake 6, wanaelezana wawili wawili kwa maneno yao, hata kwa Kinyakyusa. Kisha anawataka waseme sentensi nzima: "Mche mstatili una nyuso sita." Huyo wa dawati la nyuma aliyezoea kujibu "sita" tu, leo ameisema yote.

Hapo ndipo ninapogombana na ushauri wa kuwakataza wazazi kuongea kilugha nyumbani. Mtoto aliyezoea kumweleza bibi yake kwa Kinyakyusa kwa nini moto umezimika, ameshajifunza kujenga sababu. Kwa Kiswahili anatafuta maneno tu. Aliyenyimwa mazungumzo hayo anatafuta vyote viwili.

Na akifika kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Lile boksi la sabuni lisitupwe.