Kuchunguzwa si kukutwa na ugonjwa

Wifi yangu alirudi kutoka kliniki, akakaa barazani na kadi mkononi, akasema, "Nimekutwa na kifafa cha mimba." Nikaichukua ile kadi. Mimba ya wiki 26, presha 138 kwa 88, mkojo hauna protini. Tarehe ya kurudi ni baada ya siku nne badala ya mwezi. Hakuna mahali palipoandikwa kifafa. Ila asubuhi hiyo mtu alikuwa ametuma kwenye kundi la WhatsApp la familia habari ya kipimo cha damu "kinachotabiri" kifafa cha mimba, na yeye aliisoma akiwa kwenye foleni.

Nimeyasikia haya mara nyingi mno hapa Kigoma. Uchunguzi ni kupima ili ijulikane nani aangaliwe zaidi. Utambuzi wa ugonjwa ni kusema huyu anaumwa kitu fulani. Maana yake ni hiyo tu. Shida iko kwenye maneno tunayoyachanganya.

Chunguza na chungulia ni ndugu wa tumbo moja, yote yametoka kwenye chungua. Anayechungulia kwenye upenyo wa mlango huona kitu kinapita uani, asijue ni mgeni au ni mbuzi, mpaka afungue. Au tazama chekeche. Mama anachekecha unga wa muhogo: ulio laini unapita, juu zinabaki nyuzi, makapi, na mabonge ya unga mzuri kabisa ambayo hayakusagika. Hamwagi vyote. Anapitisha vidole, anavunja mabonge, anachekecha tena. Mjamzito aliyeambiwa arudi baada ya siku nne amebaki juu ya chekeche, na bado hakuna aliyejua kama ni kapi au ni bonge.

Neno linaloniumiza ni kutabiri. Limetoka kwenye Kiarabu, na asili yake ni kufasiri ndoto. Nabii Yusuf alipofasiri ndoto ya mfalme, ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda, watu hawakuambiwa wakae walie. Waliambiwa waweke nafaka. Ilikuwa ishara ya kufanyia kazi. Sisi tumelipeleka neno hilo kwenye ramli na matokeo ya mpira, sasa ukisema "imetabiriwa" mtu anasikia "imeshaandikwa".

Na kipimo chenyewe kilichosemwa kwenye ile habari hakiwezi kubeba maana hiyo. Kondo la nyuma huingiza protini kwenye damu ya mama. Moja, PlGF, husaidia mishipa ya damu kukua. Nyingine, sFlt-1, huizuia ile ya kwanza isifanye kazi. Kondo likikosa damu ya kutosha, ya pili huzidi na ya kwanza hupungua, na maabara hutazama uwiano wao, yaani ya pili ni mara ngapi ya ile ya kwanza. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, kwa wajawazito ambao tayari walitiliwa shaka kuwa na tatizo la presha ya mimba linalotangulia kifafa, uliweka mpaka kwenye 38. Kwa waliokuwa 38 au chini, asilimia 99.3 hawakupata tatizo hilo ndani ya wiki moja. Kwa waliozidi 38, waliolipata ndani ya wiki nne walikuwa asilimia 36.6.

Isome tena hiyo namba ya pili. Kati ya wanawake 100 waliovuka mpaka, kama 63 walimaliza wiki nne bila tatizo lile. Kipimo hiki ni hodari wa kusema "wiki hii tulia", na ni dhaifu wa kusema "utaumwa". Anayekiita utabiri ameushika upande dhaifu akautangaza.

Halafu kifafa cha mimba ni lile degedege lenyewe. Kabla yake kwa kawaida kuna presha ya 140 kwa 90 au zaidi baada ya wiki 20, mara nyingi na protini kwenye mkojo, na hata hapo bado kuna la kufanya: dawa ya magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Lakini ukishamtajia mtu kifafa, wapo watakaosikia mapepo. Namjua dada mmoja aliyeacha kliniki kwa ajili ya neno hilo; ndugu walimpeleka kuombewa na kufukiziwa, huku presha haipimwi na mtu.

Sisemi tarehe ya karibu ipuuzwe. Anayekuja kwa boti kutoka Kalya akiambiwa arudi baada ya siku nne, aulize kama ni heri akae kwa ndugu hapa mjini, Mwanga au Gungu, kuliko kurudi kule ziwani. Hilo ndilo swali la mtu aliyeelewa maana ya kuchunguzwa.

Kwa hiyo wifi, hujakutwa na kitu. Umechunguzwa, na umeambiwa urudi Alhamisi wapime tena. Kichwa kikiuma sana kabla ya hapo, au ukiona ukungu machoni, au maumivu yakikushika juu ya tumbo chini ya mbavu, usisubiri Alhamisi. Niamshe hata kama ni usiku.