Nyoka gata wa Manitoba: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kuanzia mwisho wa Aprili hadi katikati ya Mei, watu humiminika Narcisse, kilomita takriban 130 kaskazini mwa Winnipeg katika jimbo la Manitoba huko Kanada, kwenda kutazama nyoka. Hapo nyoka gata wa porini hutoka ardhini kwa makumi ya maelfu. Kitaalamu wanaitwa Thamnophis sirtalis: wembamba, wana mistari mitatu ya njano mwilini, na hawa wa Manitoba wana madoa mekundu kati ya mistari hiyo. Afrika hawapo kabisa, kwa hiyo jamaa zetu waliohamia kule huwapima kwa kipimo cha swila na koboko. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini hata wenyeji wa huko wana imani zao.

"Ngoja joto likolee ndipo uwatafute."

Dhana hii ndiyo inayowapotezea watu safari. Joto likikolea, nyoka hana tena haja ya kulala mahali pa wazi, na wengi wamekwisha kutawanyika kuelekea kwenye vinamasi. Anayejua huenda mapema katika msimu, siku ya jua, asubuhi jua likishapanda kidogo, hata kama vivulini bado kuna theluji. Nyoka aliyetoka shimoni na baridi yake hutafuta pa kujianika: juu ya mawe, kwenye majani makavu ya mwaka uliopita, ukingoni mwa kichaka, na hasa kwenye mteremko unaotazama kusini. Sisi tuliozoea jua la utosini huenda tusione maana ya upande wa mteremko. Kule jua la Aprili hukaa upande wa kusini, na mteremko unaolielekea hupata joto mapema kuliko wa upande wa pili. Siku ya mawingu na upepo mkali, baki nyumbani unywe chai.

"Baridi ikija huganda, kisha machipuko huwafufua."

Wanakwepa kuganda. Narcisse iko juu ya mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji hadi yakawa na nyufa na mashimo yanayoshuka chini ya kina ambacho udongo hufika kuganda. Humo hujazana majira yote ya baridi. Anayekosa kufika shimoni kwa wakati yuko hatarini: mwaka 1999 baridi kali iliua makumi ya maelfu yao. Basi usibomoe mawe mlangoni ili upate picha nzuri, maana majira ya baridi yakikaribia watayahitaji tena.

"Wakijiviringisha fundo moja, wanapigana."

Wanapandana. Madume hutangulia kutoka na kukaa karibu na mlango wakingoja majike, ambao ni wakubwa zaidi na hutoka kidogo kidogo. Jike mmoja akijitokeza, madume kwa makumi humzingira, kila mmoja akijaribu kulaza mwili wake sambamba na wa jike. Dume humtambua jike kwa feromoni, yaani kemikali ya kuashiriana, iliyo kwenye ngozi yake, akiinusa kwa ulimi. Siku hizo hata chakula huwa hawakitafuti.

Lililo tamu zaidi ni hili: baadhi ya madume waliotoka shimoni muda huo huo hunukia kama majike, na wenzao huwarundikia. Kwa nini dume ajitakie usumbufu huo? Mwaka 2001, watafiti Rick Shine wa Australia, Robert Mason wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon na wenzao walieleza faida yake: dume huyo bado ni wa baridi na mzito, na rundo la wenzake humpasha joto na kumkinga dhidi ya kunguru, ambao huua nyoka wengi pale mashimoni. Baada ya siku moja au mbili harufu huisha, naye anajiunga na wanaotafuta majike. Huo ni ujanja ambao hata Sungura angeuonea wivu.

"Hana sumu hata chembe."

Anayo kidogo, katika mate, na humsaidia kulegeza vyura anaowala. Kwa binadamu kwa kawaida haina madhara makubwa, ingawa wachache huvimba wakiumwa. Utakachokumbuka zaidi ni ule uvundo anaoutoa karibu na mkia akishikwa, ambao sabuni ya kwanza haiuondoi. Upole huu ni wa gata peke yake: kifutu wa Dodoma haruhusu majaribio.

"Mayai yake yako chini ya mawe." Hayapo. Gata huzaa watoto hai, majira ya joto ya kule yakielekea mwisho.

"Wako wengi, mmoja hapunguzi kitu."

Wingi wa Narcisse usikudanganye. Ndugu yao wa rasi ya San Francisco, California, mwenye mgongo wa rangi kali kuliko wote, amekuwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka ya serikali ya Marekani tangu 1967, na kumkamata bila kibali ni kosa. Hata Manitoba kwenyewe, magari ya Barabara Namba 17 yalikuwa yakiwaponda kwa maelfu wakati wa kwenda na kurudi mashimoni, hadi zikawekwa nyuzio fupi za kuwaelekeza kwenye vijia vilivyochimbwa chini ya lami. Si wote wanaovifuata, kwa hiyo ukikaribia Narcisse kwa gari mwezi wa Mei, punguza mwendo.