Kabla ya kufungua kabureta, bana raba

Pikipiki ya zamani ikianza kusumbua, wa kwanza kushtakiwa huwa kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli. Inafunguliwa, inaoshwa, jeti (vile vitundu vinavyopima petroli) zinabadilishwa, na baada ya wiki mbili ugonjwa uko palepale. Hivi karibuni nililetewa moja ya silinda mbili ambayo kabureta zake zilishafunguliwa mara tatu kwa fundi mwingine. Asubuhi haiwaki bila kubembelezwa. Ikishapata moto, unaachia gesi na injini inaendelea kunguruma juu kwa sekunde kadhaa kabla ya kushuka. Ukifunga gesi kwenye mteremko, eksozi inapiga fataki. Nikatoa plagi: ya kulia kahawia safi, ya kushoto nyeupe kama chokaa.

Upande mmoja mweupe, yaani unapata hewa nyingi kuliko mafuta, upande mwingine mzima. Sikugusa kabureta. Nilichukua tochi nikainama upande wa kushoto, kwenye ile raba fupi nene inayoshika kabureta kwenye hedi, yaani kichwa cha injini. Kwa nje ilikuwa inang'aa, maana mtu aliipaka dawa ya kung'arishia mpira. Nilipolegeza klipu na kuibana raba kwa vidole viwili, ufa ukafunguka chini kabisa ya pale klipu ilipokuwa imekaa, mrefu kama ukucha wa kidole gumba.

Kwa nini ufa mdogo hivyo utese injini nzima? Kwenye sailensi, yaani injini ikinguruma bila kupewa gesi, mlango wa kabureta umefungwa karibu wote. Pistoni inashuka na kuvuta, hewa inapita kwa taabu, na mvuto ndani ya raba unakuwa mkali sana. Petroli huungua kikamilifu ikipata hewa takriban mara 14.7 ya uzito wake. Ufa unaingiza hewa ambayo kabureta haikuipima wala kuichanganyia mafuta, na kwa kuwa hewa halali ni kidogo wakati huo, ile ya wizi inakuwa sehemu kubwa ya kinachoingia. Ukifungua gesi yote, mvuto unapungua, hewa halali inakuwa nyingi, na wizi ule hauonekani tena. Ndiyo maana mwenye pikipiki atakuapia kwamba barabarani inakwenda vizuri, shida ni akisimama tu. Anasema kweli, ila asizoee hali hiyo, kwa sababu mchanganyiko mkavu, wenye hewa nyingi na petroli kidogo, unachemsha injini, na kwenye injini za mipigo miwili unaweza kuikwamisha pistoni.

Kuthibitisha, wengi wanapulizia raba dawa ya kusafishia kabureta huku injini inawaka na kusikiliza kama mlio utabadilika. Inafanya kazi, lakini dawa hiyo inashika moto na eksozi iko sentimita chache tu. Mimi naanza na maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia: maji yakiziba ufa kwa sekunde moja, mlio unabadilika. Pima injini ikiwa baridi, kisha rudia ikiwa ya moto, maana kuna nyufa zinazojificha mpaka mpira utanuke. Usisahau vile vifuniko vidogo vya mpira kwenye vipua vya kupimia mvuto, yaani vile vibomba vifupi ambako geji huchomekwa. Nimeshawahi kubadilisha raba mbili nzima kumbe mwizi ni kifuniko cha ukubwa wa punje ya hindi.

Kazi ya kutoa inaudhi kuliko ya kuweka. Osha eneo lote kwanza, na raba ikitoka tu, ziba tundu la hedi kwa kitambaa safi. Kwenye pikipiki nyingi za Kijapani za zamani skrubu zake zinafanana na nyota ya kawaida, lakini mchongo wake ni tofauti kidogo. Bisibisi ya nyota ya kawaida inapanda juu na kula kichwa. Tafuta bisibisi ya kiwango cha Kijapani, weka mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, pasha moto hedi kidogo, kisha gonga bisibisi kwa nyundo kabla ya kuzungusha.

Uso wa hedi uwe bapa. Futa mabaki ya gaskiti (ile karatasi ya kuziba kiungo) kwa kipande cha plastiki ngumu, usitumie patasi. Raba yenye bamba la chuma ikague kwa kuilaza juu ya kioo. Ikitikisika, bamba limepinda kwa sababu kuna mtu alikaza skrubu kama anafunga gurudumu. Skrubu za milimita 6 kwenye alumini zinatosheka na takriban Nm 10 (njutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Mimi mwenyewe niliwahi kung'oa uzi wa hedi kwa kuongeza "robo moja tu", na ile robo ilinila siku nzima.

Kama kuna mfereji wa oringi, ile pete ya mpira ya kuziba, weka oringi mpya inayovumilia petroli, ipake grisi nyepesi, basi. Hakuna gundi hapo. Silikoni ya kawaida inalainishwa na petroli, inavimba, na vipande vyake vinamezwa na injini. Kile kipande kinene kigumu kinachokaa kati ya raba na hedi kwenye baadhi ya injini usikitupe: kinazuia joto lisipande kwenye kabureta.

Raba mpya itumbukize kwenye maji ya moto dakika chache, ipake sabuni kidogo mdomoni, na kabureta itaingia bila kupigana. Kwenye injini za silinda nne raba za kando na za kati mara nyingi hazifanani, kwa hiyo soma alama zake kabla ya kufunga. Elekeza kichwa cha klipu mahali ambapo bisibisi itafika siku nyingine.

Je, raba iliyokauka inaweza kufufuliwa? Ikiwa ngumu lakini haina ufa, ndiyo, kwa kiasi. Wapo wanaoiloweka kwenye zailini iliyochanganywa na metili salisilati, yale mafuta yanayonuka kama dawa ya kuchua misuli. Inalainika, inavimba kidogo, na unapata muda. Natumia njia hiyo kwa raba za upande wa eya klina (kichujio cha hewa), ambazo hubana tu na zikivuja hatari yake kubwa ni vumbi. Yenye ufa upande wa hedi naitupa. Ukikwama njiani, kata ukanda wa tyubu, uviringishe kwa kuuvuta sana juu ya ufa, funga kwa waya, urudi nyumbani polepole.

Ile ya silinda mbili nilipoiwasha na raba mpya, ilizima papo hapo. Mwenyewe alinitazama vibaya. Skrubu ya sailensi ilikuwa imechezewa mara tatu kuifidia hewa ya ufa ule, na sasa ufa haupo. Nikairudisha sailensi kwenye kipimo chake, nikasawazisha mvuto wa kabureta zote mbili, akaondoka. Alirudi baada ya wiki ili nikaze klipu injini ikiwa baridi, kwa sababu mpira mpya hulegea ukishazoea joto, na ya kushoto ilikubali nusu mzunguko.