Swali likishasimuliwa: usemi wa taarifa wa maswali katika Kiingereza

Mpe mwanafunzi sentensi hii aigeuze iwe usemi wa taarifa: *He said to me, "Where do you live?"* Mara nyingi utapata jibu hili: *He asked me where did I live?* Ukilitazama upesi linapendeza. Nafsi imegeuka, wakati umerudi nyuma, alama za mtajo zimeondoka. Ila *did* haitakiwi pale, na kiulizi cha mwisho nacho hakina kazi. Sahihi ni *He asked me where I lived*, na nukta.

Kisa ni hiki: aliyeuliza alitaka jibu, lakini anayesimulia hataki jibu lolote. Anakupa habari tu kwamba swali liliulizwa. Sentensi imekuwa taarifa, kwa hiyo maneno yake hujipanga kama ya taarifa: kiima kwanza, kitenzi baadaye. Vitabu vingi huanza somo hili na jedwali refu la nyakati. Mimi ningeanza na mpangilio wa maneno, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza.

Na kuteleza kwenyewe kunaeleweka. Katika Kiswahili, "Unakaa wapi?" ikisimuliwa huwa "Aliniuliza ninakaa wapi". Neno halikuhama. Kiingereza humtesa mwanafunzi mara mbili: kwanza humfundisha kutanguliza kitenzi kisaidizi mbele ya kiima ili swali liwe swali, na akishazoea humwambia akirudishe.

Tazama *Where is the key?* Hapa *is* imetangulia, *the key* imefuata. Tukiisimulia, kiima kinarudi mbele na kitenzi kinasogea mwisho: *She asked where the key was.* Kwa *do*, *does* na *did* hakuna hata cha kurudisha. Vilikuja kusaidia kuuliza tu, kwa hiyo vinaondoka, na wakati vilioubeba unahamia kwenye kitenzi kikuu. *What do you want?* inakuwa *what I wanted*. *When did they leave?* inakuwa *when they had left*.

Kuna swali moja linalokwepa usumbufu wote huu, lile ambalo *who* au *what* ndiyo kiima chenyewe. *Who broke the window?* haikugeuzwa tangu mwanzo, basi hakuna cha kunyoosha: *He asked who had broken the window.*

Swali la kujibiwa ndiyo au hapana halina neno la kuuliza la kuliunganishia, hivyo tunaazima *if* au *whether*, ambayo ni "kama" yetu ileile. *Are you tired?* inakuwa *He asked me if I was tired*, aliniuliza kama nimechoka. Usiandike *asked me that if*. Anayeandika hivyo amebeba "kwamba kama" kutoka nyumbani. Mara nyingi *if* na *whether* hubadilishana bila shida, ila *or not* ikifuata papo hapo, ni *whether* tu: *whether or not I was tired*. Na *asked* haihitaji *to* baada yake. Ni *asked me*, kama tunavyosema "aliniuliza" bila kuongeza kitu.

Kuhusu nyakati, kanuni ni ileile ya usemi wa taarifa kwa jumla: kitenzi cha kusimulia kikiwa cha wakati uliopita, kilichomo ndani hurudi nyuma hatua moja. *Will* huwa *would*, *can* huwa *could*, *have eaten* huwa *had eaten*. *Tomorrow* huwa *the next day*, *here* huwa *there*, mradi anayesimulia hayupo tena siku ile au mahali pale. Kitenzi cha kusimulia kikiwa cha wakati uliopo, hakuna kinachorudi: *She asks where I live.*

Kabla ya kugeuza chochote, jiulize kama swali ni swali kweli. *Could you open the door?* ina kiulizi, lakini aliyesema hataki kujua uwezo wako, anaomba mlango ufunguliwe. Ombi husimuliwa hivi: *He asked me to open the door.*

Mwisho kuna sentensi inayowachanganya hata wenye Kiingereza kizuri: *Can you tell me where the station is?* Mpangilio wa ndani ni wa taarifa, *the station is*, lakini kiulizi kimebaki. Ni kwa sababu swali la ndani limefungwa ndani ya swali jingine, na hilo la nje, *Can you tell me*, bado linasubiri jibu.